Kipande cha Chupa na Pipa Lililozama

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo, utamu kolea. Uongo leo tuuache nje, wapwa zangu, kwa sababu mambo haya ni ya kweli. Kitu kimoja tu nimekiongeza mimi: nimempa mdomo asiye na mdomo. Msimulizi wetu ni kipande cha chupa. Ni kidogo, kinakaa kiganjani. Rangi yake ni kijani inayoelekea buluu. Ukingo mmoja umenyooka, mwingine umevunjika vibaya, na ukiugusa ovyo utakukata.

Haya, tukisikilize.

"Mimi ni kipande cha chupa. Nimelala chini ya bahari yapata miaka 1,800. Nililala ndani ya pipa la mbao, na pipani hatukuwa wachache. Tulikuwa zaidi ya 10,000! Vipande vya chupa, vipande vya vikombe, vipande vya sahani. Sote tumevunjika. Sote tuko safarini. Meli ikazama, nasi tukazama nayo."

Hapo namwona mmoja wenu ameshanyoosha mkono. "Mjomba, nani anapakia takataka melini?"

Ahsante, mwanangu! Swali zuri hilo, wala si la kitoto. Meli hiyo ipo kweli. Ilikuwa meli ya Warumi. Ilizama karibu na mji wa Grado, kaskazini mwa Italia, na ikagunduliwa miaka ya 1980. Wataalamu wakaiita Iulia Felix. Ilibeba mamia ya mitungi, mingi ikiwa na samaki wa chumvi na mchuzi wa samaki. Mizigo hiyo inaeleweka, maana watu wanakula. Lakini kando ya mitungi kulikuwa na pipa limejaa vioo vilivyovunjika. Kwa nini?

Jibu lipo, na nitalitoa. Ila huwezi kujua kwa nini chupa iliyovunjika ina thamani kama hujui chupa yenyewe imezaliwaje. Tuanze huko.

"Kabla sijawa chupa," kinasema kipande chetu, "nilikuwa mchanga. Mchanga tu, wa ufukweni. Mawimbi yalinipeleka na kunirudisha. Watoto walinikanyaga."

Mchanga wa wapi? Sikia. Mashariki ya Bahari ya Mediteranea kuna mto mdogo ambao watu wa kale waliuita Belus. Unaingia baharini karibu na mji wa Akko, katika nchi ya Israeli ya leo. Mzee mmoja wa Kirumi aitwaye Plinius, aliyeandika kitabu kikubwa sana juu ya kila kitu alichokisikia duniani, aliutaja ufuko huo. Alisema ni mfupi, lakini kwa karne nyingi ndio uliotoa mchanga wa kutengenezea kioo. Mzee Plinius alikufa mwaka 79, mlima wa Vesuvius ulipolipuka. Alikuwa amekwenda na merikebu kuokoa watu na kuutazama moto wa mlima kwa karibu. Alikuwa mtu wa kuuliza, yule.

Plinius aliandika kisa hiki. Wafanyabiashara waliobeba magadi walitia nanga hapo Belus. Wakataka kupika. Wakatafuta mafiga, hawakuona mawe. Basi wakachukua mabonge ya magadi kutoka melini, wakayapanga, wakatereka vyungu, wakawasha moto. Magadi yakaungua pamoja na mchanga, na mara kitu king'aavu kikaanza kutiririka. Hicho kikawa kioo cha kwanza.

"Mjomba, kweli hiyo?"

Kisa kitamu, mwanangu, lakini si kweli. Moto wa kupikia chakula ufukweni haufiki joto la kuyeyusha mchanga, hata ukitia magadi. Tena watu wa Iraki ya kale na Misri walikuwa wakitengeneza vyombo vya kioo zaidi ya miaka 1,500 kabla Plinius hajazaliwa. Hata hivyo mzee huyu nampenda, kwa sababu jambo kubwa alilipata sawasawa. Vitu ni vilevile alivyovitaja: mchanga, magadi na moto.

Mchanga, magadi na moto. Semeni nami. Mchanga, magadi na moto.

"Sasa, mjomba, magadi ya nini? Si yanatiwa kwenye maharage?"

Hayo hayo! Umemwona bibi akipika maharage makavu, au makande? Anachukua magadi kidogo, anatia chunguni. Bila magadi maharage yanakaa jikoni mchana kutwa, kuni zinakwisha, nanyi mnapiga miayo. Akitia magadi, yanalainika mapema. Mchanga nao ni mkaidi kuliko maharage yote. Peke yake hauyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700, na tanuri la Mrumi halikuwa na joto hilo. Lakini ukiuchanganya na magadi unalegea mapema. Kwenye nyuzi 1,000 na kitu umeshakuwa uji mzito unaowaka.

Magadi yenyewe yalitoka Misri, katika bonde la Wadi Natrun, upande wa magharibi wa mto Nile. Humo mna maziwa ambayo jua huyakausha, yakaacha ukoko mweupe pembezoni. Watu waliuchota, wakaupakia, ukavuka bahari. Sisi huku tunalijua jambo hilo. Ziwa Magadi la Kenya linachotwa magadi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na viwanda vya kioo ni miongoni mwa wanunuzi wake. Labda dirisha la darasa lako lina magadi ndani yake. Dirisha la Mrumi lilikuwa nayo pia.

Kuna siri moja zaidi, nayo ilijificha ndani ya mchanga. Kioo cha mchanga na magadi peke yake kina aibu moja: kikikaa na maji, kinaanza kuyeyuka. Hebu fikiria kikombe kinachoyeyuka chai ikiwa ndani! Kinachokishika kioo kisilegee ni chokaa. Chokaa ilitoka wapi? Mchanga wa Belus umejaa vipande vidogo vidogo vya makombe ya bahari, na makombe ni chokaa. Warumi hawakuwa na somo la kemia la kuwaeleza hayo, lakini walijua mchanga upi unatoa kioo kizuri na mchanga upi haufai. Waliujua kwa kujaribu, mwaka baada ya mwaka, baba akimwonyesha mwana.

"Basi wakanichota," kinasema kipande chetu. "Wakanichanganya na magadi. Wakaniingiza tanurini. Moto! Siku nyingi, mchana na usiku, bila kuzimwa. Sikuwa mchanga tena. Nilikuwa ziwa la moto, zito, lenye kunata."

Matanuri hayo hayakuwa ya mchezo. Yaliyeyusha tani kadhaa kwa mkupuo mmoja. Moto ukiisha, kioo kiliachwa kipoe humohumo, kikawa bamba moja kubwa. Kisha mafundi wakalibomoa tanuri lenyewe, wakalipiga bamba kwa nyundo mpaka likawa mabonge.

Niwaambie juu ya bamba moja lililobaki. Mwaka 1956, huko Beth She'arim, karibu na pwani ileile, watu walikuwa wakisawazisha pango ili walifanye makumbusho. Wakakuta jiwe pana, bapa, refu zaidi ya mita 3. Wakajaribu kulitoa. Halikutoka. Wakaliacha palepale, ndani ya makumbusho. Mwaka 1963 ndipo lilipopimwa, ikajulikana kwamba jiwe lile si jiwe. Ni kioo, karibu tani 9, kipande kimoja! Mafundi wake walikosea kipimo, chokaa ikazidi, kioo kikaharibika, nao wakaondoka wakakiacha. Bamba hilo ni la karne ya 9, wakati dola ya Warumi ilikuwa imeshaondoka pale, lakini kazi ilifanywa kwa njia ileile. Nikilifikiria bamba lile nawaonea huruma mafundi wake. Kuni zote zile!

Basi kumbukeni hili, kwa maana wengi hawalijui: waliopika mchanga na waliotengeneza vyombo hawakuwa watu walewale. Wapishi wa mchanga walikuwa wachache, wakiishi karibu na mchanga mzuri wa Mediteranea ya mashariki na Misri. Waliuza mabonge. Mabonge yakapakiwa melini, yakaenda Italia, Ufaransa, Ujerumani hata Uingereza. Huko, katika miji mingi, kulikuwa na mafundi wenye matanuri madogo. Wao waliyayeyusha mabonge upya, wakatengeneza vyombo. Kusini mwa Ufaransa, karibu na visiwa vya Embiez, imepatikana meli ya Kirumi iliyozama na shehena ya mabonge hayo, zaidi ya tani 10.

"Nami nikasafiri," kinasema kipande chetu. "Nilikuwa bonge la kijani. Sikujua nitakuwa nini."

Sasa tumefika penye utamu wa hadithi. Kaeni vizuri.

Zamani, kabla ya ufundi huu ninaotaka kuwaambia, kutengeneza chupa moja ndogo ilikuwa kazi ya kuchosha sana. Fundi alifinyanga udongo kwenye ncha ya fimbo, umbo la tundu la chupa. Akauzungushia kioo cha moto, uzi baada ya uzi, akikirudisha motoni kila kinapokakamaa. Kikapoa. Kisha akauchokonoa udongo wote utoke kwa mdomo mwembamba wa chupa. Kazi yote hiyo kwa kichupa cha mafuta ya kunukia! Wenye vichupa hivyo walikuwa wafalme na mahekalu, na matajiri wenzao. Mvuvi hakuwa nacho. Muuza mboga hakuwa nacho.

Halafu mtu mmoja akapuliza.

"Mtu gani, mjomba?"

Jina lake halikuandikwa popote. Lakini alama zake zimeonekana Yerusalemu, kwenye jaa la karakana ya kioo ya kama mwaka 50 kabla ya Kristo. Wachimbuzi walikuta mirija ya kioo, mingi mno, na baadhi yake imevimba kwenye ncha. Ona basi! Mtu alichukua mrija wa kioo, akaziba upande mmoja kwa moto, akapuliza upande wa pili. Kioo kikatuna. Ndani yake kukawa na uwazi bila udongo na bila kuchokonoa kitu. Pumzi peke yake.

Baadaye mirija ikawa ya udongo, kisha ya chuma, na ufundi ukasambaa katika dola nzima. Tunajua hata jinsi mafundi walivyokaa kazini. Huko Asseria, nchini Croatia, imepatikana taa ndogo ya udongo ya karne ya kwanza. Juu yake imechorwa tanuri, na mtu amekaa mbele yake anapuliza kioo. Fundi na tanuri lake juu ya taa ya kuwasha nyumbani. Naona watu walikuwa wakiustaajabia ufundi huo kama mnavyoustaajabia ninyi.

Kipande chetu, tuambie. Ulisikiaje siku ile?

"Nilikuwa nimelegea tanurini. Chuma kirefu kikaingia. Fundi akakizungusha, nami nikajikusanya nchani. Akanitoa. Nilikuwa mwekundu, naning'inia, nataka kudondoka! Lakini yeye hakuacha kunizungusha hata kidogo. Akaniviringisha juu ya bamba la jiwe nikasawazika. Kisha akapuliza. Puuu! Nikafunguka tumboni. Akanishusha ndani ya kalibu ya mraba, akapuliza tena, kwa nguvu. Puuuu! Nikajaa mpaka pembeni. Nikapata pande nne. Nikapata kitako. Mwenzake akaleta utepe wa kioo cha moto, akaubandika begani, akaukunja mpaka shingoni. Huo ukawa mkono wangu. Yote hayo yalikwisha upesi, maji ya kunywa hayajachemka."

"Kwa nini mraba, mjomba? Chupa si duara?"

Unaangalia vizuri wewe! Chupa za mraba zinapangika. Ukizitia sandukuni zinakaa bega kwa bega, hazigongani sana njiani. Warumi walizipenda kwa kubebea vitu vya majimaji, na zimepatikana sehemu nyingi za dola yao. Kwenye kitako kalibu iliacha alama, mara nyingi miduara, na wakati mwingine maandishi.

Na hapa nina zawadi kwa wasichana. Huko Linz, nchini Austria, imepatikana chupa ya mraba ambayo kitako chake kimeandikwa kwamba Sentia Secunda anatengeneza vyombo vya kioo Aquileia. Sentia Secunda ni jina la mwanamke. Aquileia ulikuwa mji wa Kirumi kaskazini mwa Italia, si mbali na pale ilipozama meli yetu. Pengine mama huyu alipuliza kwa kinywa chake, pengine karakana ilikuwa mali yake na mafundi walikuwa chini yake. Vyovyote iwavyo, jina lililovuka milima hadi Linz ni lake.

Mwingine aliyependa jina lake lionekane ni Ennion, fundi wa karne ya kwanza, ambaye kazi yake huhusishwa na mji wa Sidoni, katika Lebanoni ya leo. Alipuliza kioo ndani ya kalibu zilizochongwa majani na maua, na pale ubavuni, katikati ya mapambo, akaandika kwa Kigiriki kwamba Ennion ndiye aliyefanya. Kwenye vikombe vingine alimwombea mnunuzi naye akumbukwe. Mfanyabiashara mwenye adabu!

Chombo kikishapulizwa, kazi haijaisha. Hakiwekwi tu mezani. Kinaingizwa kwenye chumba chenye joto, kipoe taratibu sana. "Kwa nini taratibu?" Kwa sababu nje hupoa kwanza na kujikunyata, na ndani bado kuna moto, hakujajikunyata. Nje kunavuta, ndani kunakataa. Kioo hakiwezi ugomvi huo, kinapasuka chenyewe hata kama hakuna aliyekigusa. Fundi mwenye haraka aliamka asubuhi akakuta vigae.

Sasa tazameni pumzi ilivyofanya. Strabo, msomi wa Kigiriki aliyeishi wakati wa Kaisari Augusto, aliandika kwamba mjini Roma mtu angeweza kununua kikombe cha kioo kwa sarafu ya shaba. Sarafu ya shaba, wapwa zangu! Ile ile ya sokoni. Kitu kilichokuwa hazina ya wafalme kikaingia nyumba ya kawaida ndani ya maisha ya mtu na mtoto wake. Kikawa kikombe, sahani, chupa ya mafuta, kichupa cha dawa. Huko Pompeii hata mabafu ya umma yalikuwa na madirisha ya vioo, jua likaingia na joto likabaki ndani.

Mimi naona kupuliza kioo ni mmoja wa uvumbuzi bora wa zamani zile. Watu husifu barabara za Warumi na madaraja yao, na ni haki yao. Lakini barabara ilihitaji jeshi na hazina ya serikali. Mpuliza kioo alihitaji mrija na mapafu yake.

"Mjomba, kwa nini kipande chetu ni kijani? Glasi yangu ya nyumbani haina rangi."

Ni chuma, mwanangu. Mchanga una chembe za chuma ndani yake, chache tu, na hizo zinatosha kukipaka kioo rangi ya kijani na buluu. Warumi walipotaka kioo kisicho na rangi walitia madini mengine, kama manganizi, yakaiondoa rangi ya chuma. Kioo cha namna hiyo kilipendwa kuliko vyote. Mwaka 301 Kaisari Diocletianus alitoa tangazo la bei za vitu vingi, na kioo kimo. Ratili ya kioo ghafi cha Uyahudi, kile cha kijani, iliwekewa dinari 13. Ratili ya kioo cha Aleksandria iliwekewa dinari 24. Karibu mara mbili, kwa sababu hicho hakikuwa na rangi!

Na wapo waliocheza na rangi hadi wakashangaza. Katika Makumbusho ya Uingereza, London, kuna kikombe cha karne ya 4 kiitwacho Kikombe cha Lycurgus. Mwanga ukikipiga kwa nje, ni kijani. Ukiweka taa ndani yake, kinageuka chekundu. Kioo chake kimechanganywa na chembe za dhahabu na fedha ndogo mno, jicho haliwezi kuziona.

Turudi kwa rafiki yetu.

"Nilikaa nyumbani kwa watu," kinasema. "Nilitiwa mafuta, nikamwagwa mafuta, nikatiwa tena. Siku moja mkono ukateleza. Nikavunjika. Nikadhani nimekwisha. Lakini hawakunitupa."

Hawakukitupa! Mshairi wa Kirumi aitwaye Martial, wa karne ya kwanza, anamtaja mchuuzi aliyezunguka mitaani Roma akibadilishana bidhaa na watu. Unampa vioo vilivyovunjika, anakupa njiti zilizopakwa salfa za kuwashia moto. Kila mtu alifurahi. Mama mwenye nyumba amepata njiti, mchuuzi amepata kioo.

"Na mchuuzi akafanya nini nacho?"

Akakiuza kwa fundi. Kwa maana kioo kilichokwisha kuwa kioo hakihitaji tena magadi kutoka Misri. Hakihitaji siku nyingi za moto. Kinalegea mapema kuliko mchanga, kuni zinapona. Kinavunjika, kinarudi motoni, kinapulizwa, kinakuwa kipya. Kinavunjika tena, kinarudi tena. Kila kikombe cha Kirumi unachokiona makumbusho huenda kina ndani yake vikombe vilivyokufa kabla yake.

Sasa yule aliyeuliza nani anapakia takataka melini, jibu lako hili hapa. Hakuna aliyepakia takataka. Pipa lile lilikuwa mali. Kuna mtu alivikusanya vioo vile, akavijaza pipani, akalipa nauli ya meli, na mahali fulani kulikuwa na fundi anayengoja na tanuri lake. Meli haikufika. Fundi alingoja bure.

Niongeze jambo moja dogo: ukienda makumbusho utaona vioo vya kale vinameremeta rangi za upinde wa mvua, zambarau na dhahabu na kijani. Usidhani fundi ndiye aliyevipaka. Ni unyevunyevu wa ardhini. Kwa miaka mingi maji huyatoa magadi kwenye ngozi ya kioo, ngozi ikabaki tabaka juu ya tabaka, nyembamba mno, na mwanga ukipita humo unagawanyika.

"Mjomba, kioo cha Warumi kilifika kwetu?"

Nilikuwa nalingojea swali hilo!

Katikati ya karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyezungumza Kigiriki aliandika kitabu cha safari za bahari, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea. Anaeleza meli zinavyoshuka Bahari ya Shamu, zikazunguka pembe ya Afrika, zikafuata pwani yetu, ambayo yeye aliiita Azania, mpaka soko la mwisho, Rhapta. Anataja bidhaa zilizoletwa huku: mikuki, vishoka, visu, na vitu vya kioo vya aina kadhaa. Na huku zilichukuliwa pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye aliandika mwaka 1999 juu ya shanga za Kirumi zilizopatikana katika delta ya mto Rufiji. Shanga za kioo, wapwa zangu. Mchanga, magadi na moto, katika udongo wa Rufiji.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Siku ukitembea ufukweni, au shambani penye vigae vya kale, ukaona ushanga mkongwe au kipande cha kioo chenye rangi za ajabu kimechomoza ardhini, usikichomoe. Kitazame upendavyo. Piga picha kama mtu mzima uliye naye ana simu. Kisha mwambie mwalimu wako, naye awaarifu watu wa makumbusho au wa Mambo ya Kale. Kikichomolewa bila kuandikwa mahali kilipokuwa, mtaalamu hawezi tena kujua kililala pamoja na nini, wala tangu lini.